Picha Haina Harufu

Insha hii naiandika kwa hasira, na sitaki kumficha msomaji jambo hilo. Sehemu ya hasira hiyo ni juu ya wengine, lakini sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe, kama itakavyoonekana huko mbele. Nataka kupinga desturi moja iliyoingia kwetu kwa kasi na kusifiwa kila mahali kuwa ni maendeleo. Nayo ni desturi ya kuupa mmea wa porini jina kwa kuutazama katika picha tu, bila kuushika, bila kuunusa, bila kuuliza umeota wapi, na bila kumwuliza hata mtu mmoja wa mahali hapo.

Nianze na kisa chepesi. Kijana mmoja anayewaongoza wageni katika msitu wa Shengena, huko juu Upare ya Kusini, alinijia nyumbani Same akiwa na furaha kubwa. Alinionyesha picha katika simu yake. Juu ya tawi la mti mkubwa, katikati ya ukungu na kuvu za miti, palikuwa na majani marefu yaliyopangika kwa duara kama bakuli. "Mwalimu," akasema, "tumepata bromelia za Upare!" Nilipomwuliza nani kamwambia kuwa ni bromelia, akanijibu kuwa ni programu ya simu. Alikuwa ameipa picha, nayo ikampa jina. Wageni wawili walikwisha kuelezwa hivyo, na kulikuwa na mpango wa kuliandika jina hilo katika kijikaratasi cha watalii.

Msomaji ambaye hajawahi kulisikia neno hilo asione haya. Bromelia ni ukoo wa mimea, na mmoja wa ukoo huo anamfahamu vizuri sana, kwa kuwa amemla mara nyingi: ni nanasi. Ukoo huo una spishi zaidi ya elfu tatu. Nyingi kati ya hizo hukaa juu ya miti katika misitu ya Amerika ya Kusini na ya Kati, na majani yake hukinga maji ya mvua kama bakuli. Sasa sikiliza ajabu yake. Katika maelfu hayo yote, spishi moja tu ndiyo yenye asili nje ya Amerika, nayo huota kwenye miamba ya Guinea, Afrika ya Magharibi. Hapa kwetu hakuna hata moja ya asili. Nanasi lenyewe ni mgeni aliyeletwa kutoka ng'ambo ya bahari, tukampenda, tukamsahau kuwa ni mgeni.

Nikamwuliza kijana, "Uligeuza jani?" Akasema hapana. Alipiga picha akiwa kwenye ukingo wa juu wa korongo, na mti ulikuwa upande wa chini. Nikamwomba atakapopanda tena aokote jani lililoanguka la mmea ule ule, alifunge katika gazeti aniletee. Wiki mbili baadaye akaja nalo. Tulipoligeuza, upande wa chini ulikuwa na mistari ya vumbi la kahawia, imepangwa kama mistari ya daftari. Vumbi hilo ndilo spora za kangaga. Ule mmea ulikuwa kangaga wa kukaa juu ya miti, ambaye hajapata kutoa ua tangu dunia iumbwe, wala hatatoa. Bakuli lake halikuwa la maji, lilikuwa la kukusanya majani makavu yaozee humo yawe mbolea yake. Jambo hilo moja, kuligeuza jani, lingemaliza shauri tangu siku ya kwanza. Lakini picha haigeuzwi. Ukiigeuza unaona mgongo wa simu.

Kuna atakayeniuliza, kuna ubaya gani? Kangaga ataendelea kuwa kangaga hata akiitwa bromelia. Nami nasema ubaya upo, tena mkubwa. Milima ya Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Sifa ya milima hiyo duniani kote ni viumbe ambao hawapatikani mahali pengine popote. Katika msitu huo huo wa Shengena kuna ndege mdogo wa kijani na manjano, mwenye duara jeupe la macho, ambaye makao yake ni Upare ya Kusini tu. Sasa mtu akiandika katika karatasi ya serikali au ya watalii kwamba mmea fulani wa msitu ule ni bromelia, amesema kwa maneno mengine kwamba mmea huo ni mgeni kutoka Amerika. Na kesho atakuja mwingine, mwenye nia njema kabisa, aseme mimea ya kigeni ing'olewe. Tutakuwa tumemfukuza mwenyeji kwa sababu tu tulimwita kwa jina la mtu mwingine.

Tushuke sasa kutoka msituni twende tambarare, kwa kuwa huko ndiko hatari iliko. Mtu anayepita barabara kuu ya Moshi kwenda Tanga huona Same kama mji wa vumbi na miiba. Mlima huzuia mvua, na chini yake, kuelekea Kisiwani na Mkomazi, huota mimea iliyojifunza kuishi kwa kiu. Mimea hiyo hufanana kama ndugu wa tumbo moja: majani manene, marefu, yenye ncha kali, yaliyochomoza kutoka shina moja kwa duara. Mkonge wa mashambani una sura hiyo. Mkonge pori una sura hiyo. Mshubiri una sura hiyo. Na nanasi lina sura hiyo. Katika picha ndogo iliyopigwa saa sita mchana, wote hao ni mtu mmoja.

Lakini mkono haudanganyiki. Vunja jani la mshubiri, litakatika mara moja na kutoa ute. Jaribu kulivunja jani la mkonge, litakataa, maana ndani mna nyuzi. Hata wale wanaoita kila mmea mnene wenye miiba kuwa ni mpungate wangeponywa na kisu kidogo tu. Mpungate ni wa ukoo wa kaktasi na maji yake hayana rangi. Mmea wetu wa porini unaofanana naye, wa jamii moja na mnyaa, hutoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni ni kilio. Mchunga mbuzi wa miaka minane anayajua haya yote. Hakuyajua kwa macho, aliyajua kwa vidole.

Na jina lenyewe la mkonge lina fundisho. Wazee wa pwani na wa bara walikuwa na mkonge kabla ya mashamba ya katani. Ulikuwa ni ule wa porini, ambao nyuzi zake zilisokotwa kamba. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaleta miche ya katani kutoka Florida. Kati ya miche elfu moja, iliyofika Tanga ikashika ardhi ilikuwa 62. Kutoka hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyofunika nchi, na yule mgeni, kwa kuwa alifanana na mwenyeji na kufanya kazi ile ile, akarithi jina lake. Leo ukisema mkonge, kila mtu anafikiri katani, na mwenyeji ameongezewa neno "pori" nyuma ya jina lake kama mtoto wa nje ya ndoa. Yote hayo yalitendeka kwa sababu ya kufanana. Wala wakati huo simu hazikuwako. Je, leo, ambapo kila mfuko una mashine ya kugawa majina, hali itakuwaje?

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nimefundisha bayolojia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na katika ukoo wetu nikitamka jina la mmea hakuna anayebisha. Jioni moja mtoto wa marehemu mdogo wangu, anayeishi na mama yake huko chini upande wa Kisiwani, alinitumia picha. Ilionyesha majani ya kijani kibichi, manene, yenye meno pembeni. Chini yake akaandika: "Baba mkubwa, shikamoo. Programu inasema hii ni alovera, asilimia 94. Ni kweli?" Nilikuwa mezani nakula. Nilitazama kwa muda wa kumeza tonge moja, nikaandika, "Marahaba. Ndiyo, ni mshubiri." Nikarudi kwenye chakula changu.

Sikuuliza kwa nini anataka kujua. Sikuuliza umeota wapi, una urefu gani, una ua au hauna. Sikumwambia hata lile ambalo kila mwalimu wa somo langu analijua: kwamba ile Aloe vera ya madukani asili yake ni bara Arabu, na kwamba mishubiri ya porini kwetu ni spishi nyingine kabisa, nazo ni nyingi. Nilisema "mshubiri", ambalo si uongo, nikijua, au nikipaswa kujua, kwamba yeye atasoma "alovera". Ukweli nusu uliotoka kinywani mwa mwalimu ukawa uongo mzima ulipofika kwa mwanafunzi.

Shemeji yangu alikuwa anasumbuliwa na tumbo. Mtu alimwambia kuwa maji ya alovera yanatuliza. Usiku ule ule kijana akakata majani matatu, akayamenya, akayasaga na kuyatia katika jagi. Kilichomwokoa mama huyo hakikuwa elimu yangu, wala asilimia 94 za simu. Alikuwepo bibi mmoja jirani, ambaye hakusoma hata darasa la kwanza. Aliingia kuazima chumvi, akasimama mlangoni, akavuta pumzi. "Mwanangu," akasema, "mbona humu ndani mnanuka panya?" Wakatafuta panya, hawakumwona. Bibi akalisogelea jagi, akalinusa, akalibeba mwenyewe mpaka nje akamwaga. Akasema majani yenye harufu ile, tangu utoto wake, hata mbuzi walikatazwa kuyasogelea.

Niliposimuliwa haya asubuhi, nilikaa chini. Kwa sababu jambo lile nilikuwa nimelisoma. Uko mshubiri mmoja unaoota katika vichaka vikavu vya kusini-mashariki mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania, mrefu kumpita mtu, ambao wataalamu huuita Aloe ballyi, kwa kumbukumbu ya Peter Bally, Mswisi aliyefanya kazi ya mimea Nairobi. Sifa yake inayotajwa kila unapoandikwa ni harufu ya panya. Na sababu ya harufu hiyo ni sumu ya jamii ile ile iliyomo katika mmea wa Ulaya uitwao hemlock, ambao Wagiriki walimnywesha Socrates mwaka 399 K.K. Sumu hiyo hulegeza viungo kuanzia miguuni, mpaka pumzi ikakatika.

Nilipanda gari siku ile ile nikaenda. Nilioneshwa mmea. Haukuwa na ua, na shina lake lilikuwa limekatwakatwa. Kwa hiyo hata hapa siupi jina la mwisho, maana ningekuwa narudia kosa lile lile ninalolilaani. Lakini nililivunja jani, nikalinusa, na harufu ilikuwako. Nikaitoa simu yangu, nikaitazama tena ile picha. Ilikuwa picha nzuri, safi, yenye mwanga wa kutosha. Harufu haikuwemo.

Nimesikia utetezi wa watu wa picha, na sitaki kuwaonea. Wanasema picha haiui mmea, lakini mkusanyaji anayeng'oa huua. Ni kweli. Wanasema mtaalamu aliye mbali anaweza kuona leo kitu ambacho zamani kingemchukua safari ya miezi. Hilo nalo ni kweli, na mimi mwenyewe nimefaidika nalo. Wanasema vijana ambao wasingetazama jani hata siku moja, sasa wanatazama kwa sababu ya simu. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hoja hizi zote zinathibitisha kwamba picha ni shahidi. Hakuna hata moja inayothibitisha kwamba picha ni hakimu. Shahidi huulizwa maswali, hupingwa, hulinganishwa na mashahidi wengine, kisha ndipo hukumu itolewe. Sisi tumemwita shahidi mmoja, tena bubu, tukamwachia aandike hukumu.

Na zile asilimia zisimtishe mtu. Programu hizi hufunzwa kwa picha zilizokwisha kupewa majina, na sehemu kubwa ya picha hizo zimetoka Ulaya na Amerika, na mara nyingi katika bustani na vyungu vya maua. Mmea wa Kisiwani ambao umepigwa picha mara chache utapimwa kwa mimea ambayo imepigwa picha mara elfu. Mashine inapokwambia asilimia 94, haisemi kwamba imeufahamu mmea wako. Inasema kwamba katika mimea inayoijua yenyewe, huu ndio unaofanana zaidi. Mtu aliyewaona Wazungu tu maisha yake yote, ukimwonyesha Mpare, naye atakuambia ni Mzungu yupi anayefanana naye.

Linganisha pupa hii na kazi ya waliotutangulia. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kinachohusu Tanzania, Kenya na Uganda, kilianza kuchapwa mwaka 1952 na sehemu yake ya mwisho ikatoka mwaka 2012. Miaka sitini kwa spishi zaidi ya 12,000! Baadhi ya walioandika sehemu za mwanzo hawakuwahi kuona za mwisho. Walifanya hivyo kwa mimea iliyokaushwa, iliyobandikwa kwenye karatasi, ikiandikwa mahali ilipochumwa, tarehe, mwinuko, rangi ya ua kabla halijanyauka, harufu, na mara nyingi jina ambalo wenyeji wanauita. Karatasi hizo zipo mpaka leo katika hebaria, nyingine Arusha, nyingine Dar es Salaam, Nairobi na London, na mtu yeyote anayetilia shaka jina anaweza kwenda kuutazama mmea wenyewe. Katika karatasi hizo, yule bibi wa Kisiwani ana mahali pake. Katika programu ya simu hana.

Basi tufanye nini? Sisemi tuzitupe simu. Nasema anayepiga picha ya mmea apige kama mtu anayetoa ushahidi, si kama anayepiga picha ya harusi. Apige mmea mzima, na kando yake asimamishe fimbo au mtu ili urefu ujulikane. Apige shina linapoingia ardhini. Apige jani juu, kisha aligeuze apige chini. Apige ua kwa mbele na kwa ubavu, na tunda kama lipo. Kisha aandike yale ambayo kamera haiyawezi: jani likivunjwa linatoa nini, maziwa, ute au nyuzi, lina harufu gani, limeota juani au kivulini, kwenye mwamba au kwenye mti, na wenyeji wanaliitaje, na wanalitumia au wanaliogopa. Kama hakuna ua, awe na subira mpaka msimu wake. Na asiitangaze njia kamili ya kufika ulipo mmea adimu, maana wapo wanaosoma majina ili waje na majembe. Mishubiri yote ya porini iko chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hailindwi bila sababu.

Na kuna sheria moja isiyo na kisingizio: usinywe, usile wala usimpe mgonjwa kitu ambacho jina lake limetoka katika picha. Picha ya mwalimu wa bayolojia nayo imo katika sheria hii.

Ninawaomba hasa walimu wenzangu wa Same, wa Mwanga na wa kwingineko. Watoto wetu watatuletea simu na kutuuliza, "Mwalimu, huu ni mmea gani?" Itatuuma kusema "sijui bado", kwa kuwa tumezoea kujua. Tuseme tu. Kisha tuongeze: "Twende tukauone, na tupitie kwa bibi." Mimi nilishindwa kulisema neno hilo jioni moja kwa sababu nilikuwa na tonge mkononi, na shemeji yangu yu hai leo kwa sababu jirani alikuwa ameishiwa chumvi.